Eksirei ya mkono haisemi tarehe ya kuzaliwa

Kwako Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wako, mwalimu wa michezo, anayetaka kila mwanafunzi apigwe eksirei ya mkono kabla ya kuandikwa katika kikosi cha mpira cha shule, na yule ambaye mifupa yake imeshafunga, yaani imemaliza kukua, aondolewe. Kilichomchosha nakielewa. Sote tumewaona vijana wenye ndevu wakiitwa wanafunzi wa P.7, darasa la saba la msingi, na tumewaona watoto wa kweli wakiumizwa uwanjani na hao. Lakini picha anazozitaka ni mimi na wenzangu tunaozipiga, na kabla walimu wakuu hawajaanza kuliona wazo hilo kuwa dawa, naomba nafasi nieleze picha ile inasema nini na wapi inanyamaza.

Nafanya kazi katika chumba cha eksirei huku mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka wa Busia. Kiswahili nilikua nacho kambini, kwa kuwa baba alikuwa polisi, na ndicho kinachonisaidia kwa watu wa pande zote mbili za mpaka wanaoingia chumbani kwangu: Wasamia, Wateso, Wajapadhola, madereva wa malori kutoka Mombasa. Wananiita musawo kama wanavyomwita kila mtu aliyevaa koti jeupe. Kazi yangu ni kupiga picha safi na kumkabidhi daktari anayejua kuisoma, ila ukizitazama picha hizi miaka mingi, jicho nalo linafundishika.

Mtoto akizaliwa, kifundo cha mkono wake kwenye eksirei ni kama hakipo. Kipo, lakini bado ni gegedu, kitu laini kama kile cha sikioni, na eksirei hupita kwenye gegedu bila kuacha alama. Taratibu gegedu hilo linageuka mfupa, na kila kifupa kina zamu yake. Vifupa vya kifundo ni vinane. Viwili vinatokeza katika miezi michache ya kwanza, vingine vinafuata mwaka hadi mwaka, na cha mwisho, upande wa kidole kidogo, hujionyesha mtoto akiwa na miaka 9 hadi 12 hivi. Mfupa mkubwa wa kigasha (mkono kati ya kiwiko na kifundo), ule wa upande wa dole gumba, hupata kichwa chake karibu na mwaka wa kwanza. Mwenzake mwembamba husubiri mpaka miaka 5, 6, hata 7. Balehe ikikaribia, kifupa kidogo sana kinajitokeza penye fundo la dole gumba, na anayejua kukitafuta hukitazama kwanza.

Baada ya hapo kazi inabadilika. Kati ya kichwa cha mfupa na shina lake kuna ufa mweusi kwenye picha. Huo ni gegedu, na ndipo mfupa unaporefukia. Nyufa hizo zinaanza kuziba, kwanza kwenye ncha za vidole, kisha kiganjani, na mwisho kabisa kwenye ule mfupa mkubwa wa kigasha. Huo ukiziba, mkono umemaliza kukua. Wasichana wanatangulia, wavulana wanafuata baada ya mwaka mmoja au miwili.

Ndiyo maana madaktari walichagua mkono. Karibu mifupa 30 inaonekana kwenye picha moja ndogo, kila mmoja ukiwa katika hatua yake, na mionzi inayotumika ni haba. Tunapiga wa kushoto kwa sababu wengi wetu hufanyia kazi wa kulia, na wa kushoto huwa haujaumia sana.

Sasa picha inasomwaje? Daktari huilinganisha na picha zilizomo kitabuni. Kitabu kinachotumika zaidi duniani kilitolewa Marekani na William Greulich na Idell Pyle mwaka 1950, kikatolewa upya mwaka 1959. Watoto waliomo walikuwa wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, waliopigwa eksirei tena na tena kuanzia mwaka 1931 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Walikuwa watoto wazungu wa familia zenye uwezo, wenye afya nzuri, wanaokula na kushiba. Waingereza, Tanner na Whitehouse, walileta njia nyingine, ya kukipa kila kifupa alama yake kisha kuzijumlisha. Waliirekebisha mara kadhaa, na toleo la tatu lilitoka mwaka 2001. Siku hizi kuna hata programu za kompyuta zinazosoma picha zenyewe, nazo zimefundishwa zaidi kwa mikono ya watoto wa Ulaya na Marekani.

Kazi hizo naziheshimu sana. Lakini tazama, Mhariri, swali zinalojibu: mkono wa mtoto huyu unafanana na mkono wa mtoto wa Cleveland mwenye umri gani? Jibu lake ndilo linaloitwa umri wa mifupa. Swali la kwamba mtoto alizaliwa lini ni jingine kabisa, na kitabu hicho hakikuandikwa kulijibu. Daktari anayekitumia kama kilivyokusudiwa anaijua tarehe ya kuzaliwa tangu mwanzo. Anaiweka kando ya umri wa mifupa na kutazama umbali ulio kati yao, kwa maana umbali huo ndio unaomwambia kama mtoto anaumwa. Ukimnyima tarehe ya kuzaliwa na kumtaka aitoe kwenye picha, umemnyang'anya kipimo chake.

Hata huko Cleveland watoto hawakufanana. Kwa vijana, tofauti ya kawaida ni kama mwaka mmoja, na ukitaka kuwajumuisha karibu watoto wote wazima lazima uende miaka miwili nyuma na miwili mbele. Maana yake ni hii: chukua wavulana wazima waliotimiza miaka 15 siku moja. Mifupa ya mmoja inaweza kusomeka 13 na ya mwingine 17, na wote wawili hawana ugonjwa wowote. Mwalimu anataka kumtenganisha mwenye miaka 16 na mwenye miaka 18 kwa kipimo ambacho upana wa makosa yake unawameza wote wawili.

Hapa kwetu mambo yanazidi kuwa magumu. Mwaka 1952 daktari D. H. Mackay alichapisha uchunguzi wa mifupa ya mikono ya watoto wa Afrika Mashariki, akaonyesha kuwa walikuwa nyuma ya vipimo vya Marekani. Si ajabu, na wala si suala la damu ya Kiafrika. Mfupa unakula anachokula mtoto. Panda mahindi siku moja, nusu bondeni kwenye udongo mweusi na nusu juu kwenye changarawe, kisha uje kutazama mbelewele: utajua mahindi yapi yameshiba, lakini siku ya kupanda hutaisoma pale. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Uganda wamedumaa, na Karamoja ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Ongeza malaria za mara kwa mara, minyoo, ugonjwa wa selimundu ambao ni mwingi sana kwetu, na watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi. Yote hayo huchelewesha mifupa. Kwenye kigasha cha mtoto aliyewahi kuugua sana naona wakati mwingine mistari myeupe iliyokatiza mfupa, alama za vipindi ambavyo mwili uliacha kukua kwanza ili upambane na maradhi.

Basi fikiria pendekezo la mwalimu litafanya nini. Kijana wa miaka 19 aliyekua kwa kulala njaa anaweza kupiga picha yenye ufa bado wazi. Atapita, ataingia uwanjani na vitoto. Mtoto wa miaka 15 wa mama mwenye duka, aliyekunywa maziwa kila asubuhi na kubalehe mapema, mkono wake utakuwa unafunga. Huyo atafukuzwa mbele ya wenzake na kuitwa mwongo. Udanganyifu utabaki palepale. Kitakachoongezeka ni dhuluma juu ya mtoto asiye na kosa, tena ikiwa na mhuri wa hospitali.

Nasema hivyo kwa sababu nimeliona. Kuna timu moja iliyotuletea wavulana wamejaa kwenye teksi, wakiwa wamevaa jezi zao tayari kana kwamba picha ni mchezo wa kwanza. Mwalimu wao alikuwa na karatasi yenye majina, na mbele ya kila jina nafasi tupu.

"Musawo, wewe tuandikie tu mwaka wa kuzaliwa," aliniambia.

"Mwalimu, mwaka siujui. Nilicho nacho ni picha."

"Lakini hiyo mashine inaona mifupa."

"Inaona mifupa, ndiyo. Kalenda haioni."

Hakuridhika. Mmoja wa wavulana hao alikuwa mrefu, mkimya, na mfupa wake mkubwa wa kigasha ulikuwa umebakiza mstari mwembamba tu. Sikujua mtu mwingine alimwambia nini mwalimu kuhusu picha ile, ila mvulana aliachwa. Siku chache baadaye mama yake alikuja kwa boda boda, ameshika kadi ya kliniki aliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki, chanjo zote zimeandikwa kwa mikono tofauti ya wauguzi tofauti, tangu wiki ile aliyozaliwa. Kwa kadi hiyo mtoto alikuwa hajafika miaka 17. "Musawo, mwanangu amewakosea nini?" aliniuliza. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akaandika barua ya kueleza, lakini mashindano yalikuwa yamekwisha. Kadi ile ilikuwepo nyumbani muda wote. Hakuna aliyeiomba.

Najua atakayenijibu kwamba hata FIFA inapima vifundo vya mikono. Kweli, tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nayo hufanya hivyo. Vijana wetu waliokwenda Qatar mwaka 2025 wanakijua kipimo hicho. Lakini wanachotumia ni MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, isiyo na mionzi kabisa. Walikichagua baada ya kuona kwamba si sawa kumpiga mionzi kijana mwenye afya kwa ajili ya mpira. Tena wanatafuta jambo moja tu: kama mfupa mkubwa wa kigasha umefunga kabisa, kwa kuwa ni nadra sana mvulana kuufunga kabisa kabla ya miaka 17. Hawaandiki umri wa mtu. Na wanajua kuwa kipimo kinawaachia wengi, maana wako vijana wa miaka 18 na 19 ambao bado hawajafunga. Kwa wasichana hakifai, kwa sababu wao hufunga mapema. Huwezi kuchukua kanuni hiyo nyembamba ya MRI ukaipachika kwenye eksirei ya hospitali ya wilaya, kwa watoto wa umri wowote, wavulana kwa wasichana.

Nisiwatishe wazazi kuhusu mionzi. Picha moja ya mkono ina mionzi kidogo kuliko ile tunayoipata sote kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Mtoto wako akiletwa kwangu na daktari, usiogope. Lakini kanuni ya kazi yetu, na ndiyo roho ya Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008, ni kwamba hata kidogo hicho kiwe na faida kwa anayepigwa. Mvulana anayepigwa picha ili kocha apate karatasi hana faida yoyote. Na wakati timu nzima imepanga foleni, nje kwenye benchi amekaa mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya boda boda, na mwingine anakohoa akisubiri picha ya kifua.

Lipo jambo zito kuliko mpira. Wakati mwingine anayeletwa ni kijana mwenye pingu, na afande ana fomu ya PF 24A mkononi inayomtaka daktari aandike umri wa mshtakiwa. Mara nyingi ni kesi ya kijana na msichana waliokuwa wakisoma pamoja, msichana yuko chini ya miaka 18, na wazazi wake wameshtaki. Hapo kuwa na miaka 17 au 19 ni maisha mawili tofauti. Mtu mzima akipatikana na hatia ya kosa hilo anaweza kufungwa maisha. Mtoto, hata kwa kosa ambalo mtu mzima angehukumiwa kifo, Sheria ya Watoto hairuhusu awekwe kizuizini zaidi ya miaka mitatu. Daktari anatazama meno, anaangalia kama magego ya mwisho yameota, na akiwa na shaka ananiletea kijana nimpige mkono. Picha inarudi: mkono umefunga. Na mkono uliofunga unaweza kuwa wa kijana wa miaka 17, au 18, au 25. Mbele ya hapo mifupa ya mkono haina la kuongeza, haijui kuhesabu tena.

Sheria yenyewe ina busara kuliko sisi tunaoitumia. Inamtaka hakimu atazame vyote: cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule, kumbukumbu za afya, maelezo ya mzazi, pamoja na ushahidi wa daktari. Daktari ni mmoja kati ya mashahidi hao. Tatizo ni kwamba eksirei ina sura ya uhakika, nyeusi na nyeupe, na watu wakiiona huacha kuitafuta ile kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Naomba madaktari wenzetu wanaojaza fomu hizo waandike umri kwa upana wake, kutoka mwaka huu hadi huu, wasiandike namba moja. Na upana ukiwa umepita juu ya miaka 18, basi shaka imwendee mtoto.

Baada ya kusema yote hayo, nisije nikaeleweka kwamba picha ya mkono haina thamani. Mimi naipenda picha hii kuliko zote ninazopiga, na kinachoniuma ni kwamba tunaipigania iende mahali isipofaa, huku wale inaowafaa hawaletwi kabisa.

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake aliyeanguka kisimani na kuvimba mkono. Nilipiga picha nikitafuta mfupa uliovunjika. Haukuwapo. Lakini nilipoitundika kwenye taa nilibaki nikiitazama, kwa sababu mtoto niliyemshika alikuwa msichana wa P.3 na picha ilikuwa ya mtoto wa miaka minne hivi. Mfupa mwembamba wa kigasha haukuwa na kichwa, na vifupa kadhaa vya kifundo bado havijatokeza. Nikamuuliza bibi umri wa mjukuu.

"Kumi, binti yangu. Alizaliwa mwaka ule mama yake alipohama Tororo. Kadi ninayo."

"Bibi, gauni hili la shule ni la lini?"

Akanishangaa. "Hilo? Ni lilelile la P.1. Namshukuru Mungu huyu haharibu nguo."

Nilimpelekea tabibu picha na maneno ya bibi. Akamwangalia mtoto vizuri: ngozi kavu, uso umevimba kidogo, choo cha shida, mchovu, anaona baridi jua likiwaka. Shuleni walimwita mvivu. Damu ilipopimwa ikaonekana kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyopo shingoni, ilikuwa karibu imelala. Tezi hiyo isipofanya kazi, mifupa nayo inasimama. Dawa yake ni kidonge kimoja kila asubuhi, cha bei isiyotisha. Miezi ilipopita bibi alirudi kliniki akilalamika kwa furaha kwamba gauni limepanda juu ya magoti na hana pesa ya jingine.

Hebu fikiria watoto wangapi wako hivyo katika shule zetu, wamekaa benchi la mbele kwa sababu ni wadogo, mwalimu anadhani ni wajinga na nyumbani wanasema ni urithi. Si wote wana ugonjwa. Wengi wao wana wazazi wafupi, au watabalehe kwa kuchelewa kama baba zao, na hapo picha ya mkono inaleta habari njema: mifupa iko nyuma, ufa bado ni mpana, muda wa kurefuka upo. Wengine wana tatizo la homoni ya ukuaji, au figo, au utumbo usiosharabu chakula. Kwenye kifundo hichohicho tunaona ugonjwa wa matege unapoanza, mwisho wa mfupa umepanuka na kingo zake zimechakaa, kabla miguu haijapinda vibaya.

Na kuna wa upande wa pili. Msichana wa miaka sita anaota matiti, anawapita wenzake wote kwa urefu, na majirani wanaanza kunong'ona mambo mabaya juu ya mtoto na mama yake. Huyo mifupa yake inaweza kusomeka miaka 10. Leo ni mrefu, lakini nyufa zitaziba mapema, na ukubwani atakuwa mfupi kuliko wote aliowapita. Dawa ya kusimamisha balehe hiyo ipo, na madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, wanaijua, ila ni lazima aletwe mapema. Mama kama huyo anahitaji mtu wa kumwambia kwamba ni ugonjwa, unaonekana kwenye picha, na hakuna aliyemfanyia mtoto wake ubaya. Maneno hayo tu huwa yanamrudishia pumzi.

Mwalimu aliyeandika barua ile ana macho yanayotazama watoto kila siku. Ningemwomba ayatumie hapo. Badala ya kutuletea kumi na moja wa kikosi, atuletee mmoja ambaye sare ya mwaka juzi bado inamtosha.

Kuhusu udanganyifu wa umri, mzizi wake haumo mkononi mwa mtoto. Utafiti uleule wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ni kama theluthi moja tu ya watoto chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015 ipo, NIRA, mamlaka inayosajili watu, wapo, na mtoto akizaliwa kituo cha afya hupewa taarifa ya kuzaliwa papo hapo. Wazazi huikunja, wakaiweka chini ya godoro, na safari ya kwenda kuchukua cheti haifanywi mpaka mtoto atakapotaka pasipoti. Anayezaliwa nyumbani hapati hata hiyo karatasi. Katika pengo hilo ndimo kijana anapokariri P.7 kwa jina jipya katika shule mpya, miaka minne ikiwa imefutwa. Vyama vya michezo vya shule vinaweza kuliziba bila senti ya hospitali: mchezaji aandikwe kwa picha ya uso na kumbukumbu tangu anapoingia shule, daftari la P.1 la shule ya kwanza lifuatwe, kadi ya chanjo iombwe, na mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chake aulizwe. Ni kazi ya miguu, inachosha, na haina mashine ya kujificha nyuma yake.

Ikiwa bado kuna mtoto ambaye lazima apigwe picha, kwa amri ya hakimu au kwa shauri la daktari, basi aje na mzazi au mlezi, na karatasi ya daktari inayosema sababu. Aje na kadi ya kliniki kama ipo, na ripoti za shule hata zikiwa zimechanika. Atuambie aliwahi kuugua nini, kama amekwisha kubalehe au kuvunja ungo, na urefu wa baba na mama kwa kukadiria. Avue bangili na shanga za mkono wa kushoto. Hayo yote daktari atayahitaji ili picha imwambie kitu.

Naomba uichapishe barua hii kabla shule hazijaanza kuchagua vikosi, kwa kuwa nimesikia wilayani kwetu tayari wapo walimu wakuu wanaoulizia bei.

Wako,
Mpiga picha za eksirei,
Busia, Uganda
(Jina langu unalo, Mhariri, lakini naomba lihifadhiwe kwa ajili ya wagonjwa wangu.)